Kasi ya Kaseti ya Baba

Mimi nasikiliza muziki nikiwa nimekunja uso. Walimu wenzangu wamezoea. Wakiniona saa ya chai na nyaya za simu masikioni, wanajua huo si wakati wa kuniuliza chaki iko wapi. Nasikiliza piano, na si piano yoyote tu. Ni kipande kimoja, sehemu ya pili ya sonata fulani, ile ya polepole, kilichopigwa na watu mbalimbali. Nawasikiliza mmoja baada ya mwingine na kuwatafutia makosa. Sijui nani aliniteua. Nimefundisha muziki katika shule ya wasichana hapa Kakamega muda mrefu wa kutosha kuamini kwamba masikio yangu ni mzani, na anayepita mbele yangu atapimwa, hata kama alikufa zamani na akazikwa Ulaya.

Simu yangu ina rekodi nyingi za kipande hicho kuliko picha za jamaa zangu. Kuna mama mmoja aliyerekodiwa zamani sana, na nyuma ya piano yake unasikia mchakacho kama wa mafuta yanayokaanga. Kuna bwana anayepumua kwa nguvu kila afikapo penye ugumu, hata unamwonea huruma kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Kuna kijana wa juzi juzi, safi kabisa, hana kosa hata moja na hana la kusema. Na kuna mmoja aliyerekodiwa ukumbini mbele ya watu, huku wanakohoa na kusogeza viti. Huyo nilimwona ana haraka kupita kiasi, nikambandika jina la Mwenye Moto Nyuma.

Wote niliwapimia mahali pamoja, pale katikati ambapo mkono wa kushoto unashuka, unanyamaza, na mkono wa kulia unabaki peke yake na nota chache. Hapo ndipo mpigaji anajulikana, na hapo wote walianguka. Wote waliharakisha. Wote walikuwa juu mno, sauti nyembamba, kama watu waliobana pua. Nilisema hivyo bila kusita kwa sababu iliyo sahihi nilikuwa naijua. Nilikua nayo.

Nyumbani kwetu ni Mautuma, upande wa Lugari, ambako babu yangu alipata kipande cha ardhi katika shamba lililokuwa la mzungu. Tulilima mahindi kama kila mtu, na baba alikuwa karani katika ghala la ushirika. Padri mmoja mgeni alipohama misheni aligawa vitu vyake. Watu walichukua masufuria na mablanketi, baba akarudi na kaseti. Mama alimcheka mpaka akaketi chini. Karatasi ya juu ilikuwa imebanduka, kwa hivyo hatukujua nani anapiga wala anapiga nini. Baba aliiita "ile ya kupumzika", na nyumba nzima ikaiita hivyo.

Redio yetu ya kaseti ilikula betri kubwa, lakini betri mpya hazikuanzia kwake. Zilianzia kwenye tochi, kwa sababu baba alikuwa na ng'ombe wa kulinda, na wezi wa mifugo hawakuwa hadithi. Tochi ikianza kufifia ndipo redio ilirithi. Zikichoka zaidi tulizianika juu ya bati, na jioni zilirudi ndani zina joto na uhai kidogo. Taarifa ya habari ilisikika sawa tu, kwa hivyo hakuna aliyeshuku lolote. Kaseti nyingine hatukuwa nayo, na baba hakuruhusu mtu kuleta yake, asije akaharibu mashine.

Jumapili, baada ya kanisa na chakula, baba alivua viatu, akaketi, akabonyeza. Sauti ilitoka nzito, ya chini, ikijivuta, kila nota ikikaa kwanza kabla ya kuipisha inayofuata. Na pale katikati, penye mkono wa kulia peke yake, palisikika mshindo mzito, kama mtu anayebisha mlango wa mbao kwa kiwiko. Baba, akiwa amefumba macho, alisema, "Ingia!" Tulicheka kila mara, hata tulipokuwa tunajua inakuja. Mama alipofariki, redio ilikaa kimya muda mrefu. Jumapili tuliyoiwasha tena, baba alifika pale akasema, "Ingia," kwa sauti ya chini sana, nasi tukacheka huku tunalia. Tangu siku hiyo nilijua nitasomea muziki. Sikuwa na neno la kueleza kwa nini, ila niliona kwamba kuna kitu kinachoweza kumkalisha baba yangu kitini mwake bila kuvunjika.

Chuoni nilikutana na kipande hicho kwenye karatasi. Nilikitambua kwa macho. Halafu nikaenda kwenye piano, nikakuta ufunguo, yaani kimo cha nota zote, si ule wa kwetu. Wa kwetu ulikuwa chini, karibu toni nzima. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza swali moja rahisi. Mimi niliunda nadharia. Nilikuwa nimesoma kwamba zamani nyuzi za piano zilikazwa chini kuliko leo, jambo ambalo ni kweli, basi nikaamua kwamba mpigaji wa kaseti ya padri alifuata mapokeo ya kale, ya kasi ya kale na sauti ya kale, na kwamba hawa wengine wote wameharibiwa na haraka za dunia. Elewa hali yangu. Nilikuwa mtoto wa Mautuma katikati ya wanafunzi waliojifunza piano sebuleni kwa wazazi wao. Nilihitaji kitu ambacho wao hawana, na nilikuwa nacho.

Nikafundisha hivyo hivyo. Kinanda cha umeme cha shule yetu kina kitufe cha kushusha sauti zote kwa mpigo mmoja. Msichana akija na kipande kile, nilibonyeza kitufe, tukashuka toni nzima, nikasimama nyuma yake nikisema, "Polepole. Bado. Bado." Waliniita Madam Bado, na mimi nilijifanya sijui huku najivuna.

Basi mwaka huu walimu wa muziki tulifanya semina ya siku moja hapa mjini, nami nikaombwa nizungumze juu ya namna ya kuchagua rekodi ya kumsikilizisha mwanafunzi. Kichwa kilivimba. Nikaamua nitakwenda na ushahidi wangu, na nitakwenda na mwenye ushahidi. Nilipanda hadi Mautuma kumchukua baba na kaseti yake. Redio niliiacha. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili mlango wa betri usifunguke, na niliona itanitia aibu mbele ya watu.

Baba aliniita mama, kama alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Mama," aliniuliza asubuhi ya semina nyumbani kwangu Shirere, hapa Kakamega, akiwa amevaa koti lake la kijivu na tai ya ghala la ushirika, "kwani hawa walimu watasikia ile yetu?"

"Watasikia, baba."

"Yote?"

"Yote."

Akaomba kitana.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa shule moja mjini. Nilizungumza vizuri, nasema ukweli. Niliwapigia mama wa mafuta ya kukaanga, nikawapigia bwana wa pumzi, nikawapigia kijana safi, na kila mmoja nikampa lake. Nilipofika kwa Mwenye Moto Nyuma niliigiza kwa mikono jinsi anavyokimbizana na piano, na ukumbi ukacheka. "Huyu," nikasema, "aliacha sufuria mekoni." Walicheka zaidi. Halafu nikamwinua baba kwenye kiti cha mbele, nikasema huyu ndiye mzee aliyenipa masikio, na walimu wakampigia makofi. Alitabasamu kidogo, akaketi, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Sasa," nikasema, "msikilize mtu anayejua."

Nilichomeka mashine ya kaseti ya shule ile kwenye soketi, nikabonyeza. Ikatoka mbio, tena juu, ile sauti nyembamba ya kubana pua. Niliizima haraka. "Samahani," nikasema, "hii mashine inakimbia. Hakuna nyingine?" Mtu akatoka, akarudi na nyingine kutoka ofisi ya walimu, akiifuta vumbi kwa shati. Nikachomeka. Ikatoka vile vile. Sikuizima mara ya pili, nadhani kwa sababu nilitumaini itachoka yenyewe na kurudi kwenye mwendo wake. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akiongea na mtu wa lugha nyingine.

Tukafika katikati. Mkono wa kushoto ukashuka, ukanyamaza. Mkono wa kulia ukabaki peke yake, na hapo mtu akakohoa. Hakikuwa kiwiko wala mlango, kilikuwa kikohozi cha kawaida cha mtu mwenye mafua. Baba alikuwa amefumba macho. Nilimsikia akianza, "Ing—" halafu akafunga mdomo.

Kijana mmoja, mwalimu mgeni kutoka upande wa Mumias, akainua mkono. "Madam, na hiyo si ndiyo ile tumesikia sasa hivi? Ya huyo wa sufuria?"

Ukumbi ulinyamaza kusikiliza. Baada ya kikohozi kiti kililia, mahali pale pale kilipolia kwenye simu yangu. Nilikuwa nimesikia kiti kile mara nyingi kuliko ninavyosikia jina langu. Mpigaji niliyemsifu maisha yangu yote na mpigaji niliyemdhihaki dakika chache zilizopita alikuwa mtu mmoja, jioni moja, piano moja.

"Nyumbani mlikuwa mnasikizanga na stima ama na betri?" aliuliza mwalimu mmoja mama, kwa upole, kama muuguzi.

"Betri," nikasema.

"Aah."

Ile "aah" ilizunguka ukumbi mzima. Hakuna mtu pale aliyekua bila kuanika betri juu ya bati au kuziuma kwa meno. Mmoja akaimba kama mwanamuziki wa rumba betri zinapokufa, sauti ikididimia mpaka ikawa ya ng'ombe, na watu wakaangua kicheko. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa wanakumbuka makwao. Ningecheka nao yakaisha. Ningesema, naam, ni hivyo, na bado ndiyo iliyonilea. Nilikuwa na nafasi hiyo na ilikuwa pana. Lakini aibu ilikuwa imenivaa kuanzia masikio hadi nyayo, na nilitaka kumvisha mtu mwingine upesi.

"Basi mlaumuni huyu mzee!" nikasema, nikimwonyesha baba kwa mkono wazi. "Redio ilikuwa inakulanga makombo ya tochi! Mimi nimesomea digrii nzima kwa betri mbovu za baba!"

Ukumbi ulilipuka. Hicho ndicho kilikuwa kicheko kikubwa cha siku ile, na kwa muda mfupi, lazima niseme, nilisikia raha. Nilikuwa nimeokoka. Baba akainuka nusu kutoka kitini, akainua mkono kama mgeni anayetambulishwa kanisani, akatabasamu pande zote.

"Ni kweli," alisema. "Ni mimi."

Nilimalizia mada yangu. Sikumbuki nilisema nini.

Jioni nilimpikia baba obusuma na ingokho, ugali na kuku, nikamwekea firigisi juu kabisa kwenye sahani yake, kama inavyopasa kwa mwenye boma. Tulikula tukizungumza juu ya mvua. Kisha akaichukua ile firigisi kwa vidole na kuihamishia kwenye sahani yangu. Katika maisha yangu sijawahi kuona hilo likifanyika nyumbani kwetu. Mama hakuwahi kuionja.

"Baba, hiyo ni yako."

"Kula wewe," alisema. "Wewe ndiye unajua."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimtazama usoni nikitafuta hata kejeli kidogo, sikuiona. Nikaitafuna firigisi ile kama ninatafuna ndala.

"Kumbe," alisema baadaye, akinawa mikono, "hata mama yako akiwa hai tulikuwa tunasikianga kitu haiko."

"Ilikuwako, baba. Ni mwendo tu uliokuwa tofauti."

"Na mimi nimewasikizisha watu wengi." Alikuwa anawahesabu kichwani, niliona macho yake yakihama kutoka kwa mmoja hadi mwingine. "Katekista. Wale wa ushirika. Hata wakwe, mama. Nilikalisha wakwe hapo wakasikiza betri."

Nikasema hakuna aliyejali. Akasema ndiyo, hakuna aliyejali, akauliza taulo iko wapi. Asubuhi aliondoka na kaseti mfukoni mwa koti, upande wa ndani.

Tangu hapo nilianza kuogopa jambo moja tu. Cheo changu cha mjuzi hakikuniumiza kichwa, kilikuwa kimekwisha. Nikipita sokoni mwalimu mwenzangu ananisalimia, "Madam, betri ziko?" nami nacheka, napita. Nilichoogopa ni kwamba nimemnyang'anya baba ile ya kupumzika. Alikuwa na kitu kimoja cha kumkalisha Jumapili, na mimi, kwa kutaka kicheko cha watu ambao wengine sikuwajua hata majina, nilikifanya kichekesho.

Nilirudi kwenye simu yangu kama mtu anayerudi dukani kuomba radhi. Nilimsikiliza Mwenye Moto Nyuma. Hakuwa na moto wowote. Alikuwa mtu anayetembea mwendo wa kawaida, mpole, anayeshika nota zile chache za mkono wa kulia bila kuzisukuma, na mtu anapokohoa yeye anangoja kidogo, kidogo tu, kama anayempa nafasi amalize. Sikuwahi kulisikia hilo. Nilimsikiliza mama wa mafuta, naye alikuwa na huzuni kavu, ya mtu asiyependa kusumbua wageni. Bwana wa pumzi alikuwa anaimba chini chini, ndiyo maana alihema. Hata kijana safi alikuwa na la kusema, ila analisema kwa adabu. Wote hao nilikuwa nimewafelisha kwa sababu hawakuwa na betri zilizochoka. Niliona haya mbele yao, chumbani peke yangu, mwanamke mzima anayewaomba msamaha wafu. Na kilichonitia haya zaidi ni kwamba nilianza kuwapenda.

Shuleni msichana mmoja wa kidato cha tatu aliketi kwenye kinanda, akangoja. "Madam, hushushi leo?"

"Kitufe kimeharibika," nikasema.

Akakitazama kitufe. Kilikuwa kinawaka taa yake ya kijani kama kawaida. Akaanza kupiga, juu, kwa kasi iliyoandikwa, na akapiga vizuri.

Nilimpigia baba simu mara kwa mara. Aliniambia habari za mahindi, nani amevuna, nani ameibiwa magunia. Niliuliza kama anasikilizanga Jumapili. "Kazi ni mingi," alisema. Mara nyingine niliuliza tena, akasema, "Nikipata nafasi." Nikaacha kuuliza.

Msimu wa kuvuna ulipofika nilikwenda Mautuma. Ilikuwa Jumapili. Ua ulikuwa umetandazwa maturubai, mahindi yakianikwa, na majirani kadhaa, wake kwa waume, wakipukuchua upande wa jikoni. Ndani nilimkuta baba ameketi na wazee wawili wa jumuiya yake ya kanisa, chai mezani. Redio ilikuwa katikati ya meza, ule mpira wa baiskeli umetolewa, mlango wa betri umefungwa kwa utepe mweupe wa gundi, nadhifu. Alifurahi kuniona. Aliinuka kabisa.

"Mmeona, mwarimu mwenyewe amefika," aliwaambia wazee. "Sasa sikizeni vile inafaa. Ile ya zamani muisahau. Ilikuwa na makosa."

Akabonyeza. Alikuwa ameweka betri mpya, mpya kabisa, ambazo tochi haikuzigusa. Ikatoka kwa kasi yake ya haki na sauti yake ya haki. Baba hakuvua viatu na hakufumba macho. Aliketi wima kwenye ukingo wa kiti, akiitazama redio kama mtu aliyeachiwa maziwa jikoni yasimwagike. Mahali penye kikohozi palifika, pakapita, yeye akatazama mikono yake. Kila baada ya muda alinitupia jicho kuona kama iko sawa. Nikatikisa kichwa kuitikia. Ningefanya nini kingine?

Ilipoisha mzee mmoja akasema, "Imekuwa fupi."

"Ndivyo iko," baba alisema kwa haraka. "Sisi ndio tulikuwa tunavuta."

Wazee walimaliza chai, wakaaga. Nilimsindikiza kila mmoja hadi langoni, nikarudi nikamkuta baba anafuta redio kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. Kule Shirere nilikuwa nimetafuta programu ya simu inayoshusha kasi na sauti pamoja, na jioni baada ya jioni nilikuwa nimemchukua Mwenye Moto Nyuma nikamshusha kidogo kidogo, nikisikiliza kwa kumbukumbu yangu, mpaka akafika pale nyumba yetu ilipokuwa. Nilikuwa nimemwandalia baba zawadi. Pamoja na hayo nilitaka kuambiwa yamekwisha, nimesamehewa.

"Baba," nikasema, "keti kidogo. Kuna kitu nimekuletea."

Akaketi. Niliweka spika ndogo mezani kando ya redio, nikabonyeza simu.

Ilikuwa yenyewe. Nzito, ya chini, ikijivuta. Nilimwona akiijua kabla ya nota ya tatu. Mabega yalishuka. Mgongo ukapata egemeo la kiti na kulala hapo. Mguu mmoja ukakisukuma kiatu cha mguu mwingine kisigino, kiatu kikatoka nusu. Sikumtazama usoni moja kwa moja, niliogopa kumgutusha, lakini niliona kope zikiteremka, na midomo ikalegea kama ya mtu aliyefika nyumbani kwake na kukuta mlango haukufungwa. Nikajiambia, hii hapa, sikuiua, ilikuwa imelala tu.

Nje mmoja wa waliokuwa wakipukuchua mahindi aliacha kuimba. Walikuwa wamesikia, nadhani, na mmoja akauliza jambo, mwingine akajibu akicheka. Walikuwa wakicheka mambo yao, na hakuna aliyetazama upande wetu. Baba akafumbua macho. Akatazama dirisha. Akaketi wima, akakirudisha kiatu chake mguuni, akakivuta kwa kidole mpaka kikaingia vizuri. Kisha akainama juu ya meza, akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini.

"Zima, mama," alisema. "Watu watasikia."

Nikazima.